Klachi ya pikipiki kwenye miinuko ya Kilimanjaro na Meru: kutambua chanzo kabla ya kufungua kava

Pikipiki inayopandisha abiria kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru au Marangu, na ile inayotoka katikati ya Arusha kuelekea Ilboru na Ngaramtoni, huichosha klachi yake kwa namna ambayo pikipiki ya mji tambarare haiijui. Husimama mlimani ikiwa na mzigo, huondoka mlimani ikiwa na mzigo uleule, na aghalabu hubeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ambao kitabu cha mwongozo hakiutambui. Ndiyo maana malalamiko juu ya klachi ni mengi katika vijiwe vya huku, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya malalamiko hayo huishia kwenye ununuzi wa pleti mpya wakati tatizo lilikuwa kwenye kebo, kwenye oili, au halikuwa la klachi kabisa.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za gia zenye injini ya takriban cc 100 hadi 150, yaani zile zinazotumika sana kwa bodaboda, ambazo klachi yake ina pleti kadhaa zinazozunguka ndani ya oili ya injini. Skuta zinazotumia mkanda hurekebishwa kwa kubadilisha vizito na springi za puli. Hazina leva ya klachi mkononi, na hazimo katika mwongozo huu.

Ndani ya hausingi (kasha) ya klachi, upande wa kulia wa injini kwa pikipiki nyingi za aina hii, kuna pleti zenye fiba (tabaka la msuguano) zilizopangwa kwa kupishana na pleti za chuma. Springi, ambazo kwa kawaida ni nne au zaidi, huzibana pleti hizo pamoja ili nguvu ya injini ipite kwenda kwenye giaboksi. Unapovuta leva, kebo husukuma presha pleti (sahani inayozibana pleti nyingine) dhidi ya springi hizo, pleti zinaachana, na injini inazunguka peke yake. Kwa hiyo klachi inaweza kukosea kwa njia mbili za msingi tu: kushindwa kubana, au kushindwa kuachia. Matatizo mengine mengi ni matawi ya hayo mawili, na fundi anayeanza kwa kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili linalotokea huokoa muda na fedha za mteja.

Je, kweli ni klachi?

Swali hili huamuliwa kwa sikio. Ikiwa unapanda mlima, unaongeza eksileta, na injini inapandisha mlio huku mwendo ukibaki palepale au ukipungua, klachi inateleza. Ikiwa mlio wa injini unashuka pamoja na mwendo, hadi unalazimika kurudisha gia, klachi inabana vizuri na udhaifu uko kwingine: kwenye kaburetta, kwenye plagi, kwenye filta ya hewa iliyojaa vumbi, kwenye breki ya nyuma iliyokazwa mno, au kwenye uzito uliobebwa. Ikiwa mwendo unakatika kwa mishtuko inayoambatana na sauti ya kugonga chini karibu na mguu, tazama cheni na meno ya sproketi kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa cheni inayoruka meno humdanganya hata dereva mzoefu.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo huku kwetu si jambo dogo. Injini isiyokuwa na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini iko karibu na mita 1,400, na lango la hifadhi kule Marangu liko juu ya mita 1,800. Dereva anayeishi mjini Moshi akifika juu huko ataiona pikipiki yake imekuwa nzito, na kaburetta iliyopimwa kwa hewa ya chini itakuwa inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana, jambo linaloonekana kwenye plagi yenye masizi meusi makavu. Udhaifu unaojitokeza juu tu na kutoweka unaposhuka hauponi kwa pleti mpya. Kwa hakika injini iliyopungua nguvu huipa klachi mzigo mdogo zaidi. Kinachoiumiza huko juu ni mkono wa dereva, ambaye huanza kuvuta leva nusu ili injini isizime.

Injini inanguruma lakini mwendo haupandi

Ukishasikia dalili hii mlimani, ithibitishe mahali salama. Pasha injini moto kwanza, kwa kuwa klachi iliyoanza kuchoka hubana ikiwa baridi na kuteleza ikipata joto. Kisha, kwenye barabara tambarare isiyokuwa na magari, endesha kwa kilomita 30 hadi 40 kwa saa ukiwa kwenye gia ya juu, halafu fungua eksileta yote kwa mara moja. Klachi nzima italazimisha injini kuongeza mlio taratibu sambamba na mwendo. Klachi inayoteleza itaachia mlio upande ghafla huku mwendo ukichelewa nyuma. Usirudie jaribio hili mara nyingi, maana kila mtelezo huchoma fiba.

Kinachofuata ni kukagua mchezo wa leva, na hapa ndipo kesi nyingi humalizikia. Leva inapaswa kusogea bure kidogo kabla ya kuanza kuvuta presha pleti. Kwa pikipiki nyingi za aina hii mchezo huo ni milimita 10 hadi 20 ukipimwa kwenye ncha ya leva, au milimita 2 hadi 3 ukipimwa kwenye mwanya ulio karibu na shina lake. Kitabu cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Leva isiyokuwa na mchezo wowote maana yake ni kwamba kebo inavuta wakati wote, springi hazibani kwa nguvu zake zote, na pleti zinateleza hata kama ni mpya kabisa.

Wengi hushangaa kwamba mchezo ulipotea wenyewe bila mtu kugusa skrubu. Sababu ni kwamba kuna kuchakaa kwa aina mbili kunakokwenda pande tofauti. Kebo inapotumika hurefuka kidogo, na mchezo unaongezeka. Fiba za pleti zinapolika, presha pleti husogea ndani zaidi, na kwa miundo mingi jambo hilo hupunguza mchezo. Hivyo basi, pikipiki ambayo mchezo wake hupungua tena na tena baada ya kurekebishwa inakueleza kwamba pleti zinakwisha, na ile ambayo mchezo wake huongezeka tena na tena inakueleza kwamba kebo inakatika uzi mmoja mmoja ndani ya ala yake.

Kurekebisha kwenyewe hufanywa injini ikiwa baridi na usukani ukiwa umenyooka. Legeza nati ya kufungia iliyoko juu kwenye leva, zungusha skrubu ya juu hadi ibaki karibu imeingia yote, kisha nenda kwenye skrubu ya chini iliyo karibu na injini na upate mchezo wako huko. Skrubu ya juu ibaki kwa marekebisho madogo ya barabarani, ambayo dereva anaweza kuyafanya kwa vidole bila spana. Funga nati zote mbili, halafu geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho ukiwa unapima mchezo. Ukibadilika, kebo imepitishwa vibaya, na hili hutokea sana kwa pikipiki zilizofungwa mwavuli, kioo cha mbele au usukani mrefu ambao haukuja nao kutoka kiwandani.

Chanzo cha pili ni oili. Klachi inayozunguka ndani ya oili huhitaji oili inayoruhusu msuguano, na oili nyingi nyepesi za magari mapya, hasa zile zinazouzwa kwa sifa ya kuokoa mafuta kama 0W-20 na baadhi ya 5W-30, zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano huohuo. Tafuta kwenye kopo alama ya kiwango cha Japani kiitwacho JASO MA, au MA2. Alama ya JASO MB ni ya skuta na mashine ambazo klachi yake haimo ndani ya oili ya injini, na haifai hapa. Kama mtelezo ulianza siku chache baada ya kumwaga oili, huna haja ya kutafuta mbali: mwaga, weka oili sahihi ya uzito uliotajwa kwenye kitabu, endesha kwa siku kadhaa, na ikiwezekana mwaga tena. Mara nyingine fiba hupona. Mara nyingine zimeshanyonya vya kutosha na hubadilishwa. Dawa za kuongeza kwenye oili zinazoahidi injini laini ziachwe dukani.

Mchezo ukiwa sahihi na oili ikiwa sahihi, na mtelezo ukaendelea, ndipo kava linafunguliwa. Laza pikipiki au mwaga oili kwanza, andaa gasketi mpya, na legeza boliti za springi kwa mtindo wa msalaba, kila moja kidogo kidogo, ili presha pleti isipinde wala masikio yake yasivunjike. Fundi akikuambia pleti zimekwisha, mwombe azipime mbele yako kwa kipimo cha vernia. Pleti nyingi za fiba katika injini hizi huanza na unene wa karibu milimita 3, na kulika kwa sehemu chache tu za milimita kwa kila pleti kunatosha kuifikisha kwenye kikomo, kwa sababu punguzo la pleti zote hujumlishwa. Macho hayatoshi kwa kazi hii. Pleti iliyoungua, hata kama bado ni nene, hujulikana kwa rangi nyeusi inayong'aa na harufu isiyosahaulika, na hiyo haifai kurudishwa.

Pleti za chuma hulazwa juu ya kipande cha kioo na kupimwa kwa geji ya mwanya. Iliyopinda kwa zaidi ya milimita 0.2 hivi, au iliyopata madoa ya buluu kutokana na joto, huwekwa kando. Springi hupimwa urefu zikiwa hazina mzigo, na hubadilishwa zote kwa pamoja, kamwe si moja moja. Pleti mpya za fiba zilowekwe kwenye oili safi kabla ya kufungwa, angalau nusu saa na bora usiku mzima, kwa kuwa pleti kavu huungua kwenye mlima wa kwanza.

Kuhusu ule ujanja wa kuweka washa (vipete vya chuma) chini ya springi ili zibane zaidi, msimamo wangu ni kwamba unakubalika kwa mtu aliyekwama Mwika jioni na anayetaka kufika nyumbani, wala si zaidi ya hapo. Springi iliyobanwa kupita kiasi hufanya leva kuwa ngumu, huikata kebo mapema, hulemea beringi ya kuachilia (ile inayosukumwa unapovuta leva), na inaweza kufika mahali ambapo pingili zake zinagusana kabla klachi haijaachia, nawe unakuwa umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Klachi haiachii

Umevuta leva yote, lakini pikipiki bado inataka kusogea. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo au injini inazima papo hapo. Na ukisimama kwenye taa, nyutro haipatikani mpaka uzime injini. Hizi ni dalili za pleti zisizoachana. Anza tena kwenye mchezo, safari hii ukitafuta mchezo uliozidi, kwani leva ikitumia nusu ya safari yake bure, iliyobaki haitoshi kuzitenganisha pleti.

Asubuhi za Juni hadi Agosti kwenye vijiji vya juu zinahitaji maelezo ya pekee. Oili iliyolala kwenye baridi huwa nzito na huzigandisha pleti, hivyo gia ya kwanza ya siku hugonga hata kwenye pikipiki nzima. Vuta leva, piga kiki mara mbili tatu injini ikiwa imezimwa, kisha washa na uache ipate joto kabla ya kuingiza gia. Tatizo likitoweka baada ya dakika chache, hakuna cha kutengeneza. Likibaki au likizidi injini ikiwa na joto, shuku pleti za chuma zilizopinda.

Sababu nyingine, ambayo hata mafundi wenye haraka huipita, ni mikato kwenye kuta za hausingi. Masikio ya pleti za fiba hugonga kuta hizo kila mara eksileta inapofunguliwa na kufungwa, na baada ya muda huchimba vijishimo. Pleti zinaingia kwenye vijishimo hivyo na kugoma kuteleza upande, kwa hiyo klachi haiachii vizuri hata ikipewa kebo mpya na pleti mpya. Pitisha ukucha kwenye kuta: ukikwama, umepata chanzo. Mikato midogo husawazishwa kwa tupa laini kwa uangalifu ili kila ukuta ubaki na upana sawa. Mikato mirefu huhitaji hausingi nyingine. Mteja aliyebadilishiwa pleti mara mbili bila nafuu anapaswa kuomba kuonyeshwa sehemu hii.

Kutetemeka wakati wa kuondoka

Pikipiki ikitikisika inapoanza kwenda, kisha ikatulia mara leva inapoachiwa yote, chanzo huwa ni pleti zilizoungua sehemu sehemu, springi zisizolingana, au mikato iliyotajwa hapo juu. Kabla ya kufungua injini, hata hivyo, shika tairi la nyuma na ulitikise mbele na nyuma pikipiki ikiwa kwenye gia: raba za habu (za kupunguza mshtuko ndani ya kitovu cha gurudumu) zilizokwisha hutoa mtikisiko unaofanana kabisa na huo, na kuzibadilisha ni kazi rahisi.

Leva nzito, au isiyorudi

Hapa karibu kila mara ni kebo. Vumbi la kiangazi na tope la masika huingia kwenye ala, na joto la injini hukausha grisi. Chomoa kebo upande wa juu, ishike wima, na udondoshee oili nyepesi kwa bomba la sindano mpaka itokee chini. Kama nyuzi zimeanza kuchomoza karibu na kichwa cha kebo, usipoteze oili. Nunua kebo nyingine, na iliyo nzima ya akiba uifunge kando ya ile inayotumika, tayari imepitishwa njia yake, kama wafanyavyo madereva wa njia za mbali. Kebo mpya ikiwa nzito vilevile, chunguza mkono wa kuachilia ulio juu ya kava la injini: chuma chake hushika kutu pale oili sili (raba ya kuzuia oili isivuje) inapokuwa imekufa.

Sauti

Sauti ya kugongagonga injini ikiwa kwenye nyutro, ambayo hupotea ukivuta leva, kwa kawaida hutoka kwenye hausingi ambayo springi zake ndogo za kupunguza mshtuko au riveti zake zimelegea. Sauti ya kukwaruza inayojitokeza pale tu unapovuta leva ni ya beringi ya kuachilia. Ya kwanza inaweza kusubiri ikiwa si kubwa. Ya pili isisubiri, kwa sababu vipande vyake huishia kwenye oili.

Ikiwa klachi nzima inaungua mapema

Pale ambapo kila kitu kimekaguliwa na pleti bado hazidumu, tazama namna ya kuendesha na uwiano wa sproketi. Kuishikilia pikipiki mlimani kwa leva iliyovutwa nusu wakati abiria anatafuta chenji ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuchoma fiba. Breki ya mguu ipo kwa kazi hiyo. Kuondoka mlimani kufanywe breki ya nyuma ikiwa imekanyagwa, leva iachiwe hadi injini ianze kuvuta, breki iachiwe, na leva ifuate mara moja.

Kuhusu uwiano, pikipiki yenye sproketi ya meno 14 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 3.00. Ukiweka meno 13 mbele, uwiano unakuwa 3.23, yaani nguvu ya kupanda inaongezeka kwa karibu asilimia 8 na klachi inamaliza kuteleza mapema kila unapoondoka. Kupata matokeo yanayokaribia hayo kwa upande wa nyuma kungehitaji meno 45, ambayo ni 3.21. Gharama yake ni mlio mkubwa zaidi na petroli zaidi kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, kwa hiyo mabadiliko haya yanamfaa anayeshinda Kibosho au Ilboru, hayamfai anayekwenda kilomita nyingi tambarare. Cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja kama za zamani zimelika, na urefu wa cheni ukaguliwe, kwa kuwa sproketi ndogo mbele huilegeza cheni na ekseli ya nyuma italazimika kurudishwa nyuma kidogo.

Pleti mpya zikishafungwa, mchezo wa leva upimwe tena baada ya siku chache za kwanza za kazi, injini ikiwa baridi, maana fiba hujilaza na mchezo hubadilika hata pale kazi ilipofanywa vizuri.